Kovu la Buba na Karatasi ya Alphonsine

Vijana wangu wa maabara, mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi kabla kichwa hakijaanza kuniibia. Nimekubali, maana tangu nistaafu naamka asubuhi, navaa viatu, halafu nakumbuka kwamba sina pa kwenda. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Waliovipata watawaeleza wenyewe, na hawatachoka kueleza. Mimi nitaandika habari za damu, za kondoo mmoja, na za kosa nililolifanya nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Nikilikumbuka, masikio bado yananiwaka.

Niliingia maabara ya hospitali mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kwenye ramani mji wetu ulikuwa na jina la kizungu, lakini majumbani tuliuita Kisangani, kama leo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani aliyetoka Maniema, Mwislamu wa swala tano, na alinilea nitazame chini mwanamke anapopita. Lishikeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Siku ya kwanza nilivaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili, nikidhani nitakabidhiwa hadubini. Nilikabidhiwa kamba. Upande wa pili wa kamba alikuwapo kondoo dume mwenye shingo nene na dharau usoni, na aliyenipa kamba hiyo ni Papa Bosenge, muuguzi mzee aliyesimamia maabara. Daktari mzungu alikuwa akipita asubuhi, anatia sahihi, anakwenda zake. Papa Bosenge ndiye aliyejua kila kitu kilipo, pamoja na vile ambavyo daktari alikuwa amevipoteza.

Kondoo tulimwita Chef, yaani Mkubwa. Kila Jumatano tulimtoa damu kidogo shingoni, tukaitikisa kwenye chupa yenye shanga za kioo isigande. Chembe zake nyekundu ndizo tulizotumia kupima kaswende. Nyinyi mnaopima kwa kadi mnaweza kucheka, lakini kipimo kile kilikuwa na akili. Ukichanganya damu ya mgonjwa na vitu vyote vinavyohitajika, halafu ukamaliza na chembe za Chef, kulikuwa na majibu mawili. Tyubu ikigeuka nyekundu yote, mtu ni mzima. Chembe zikizama chini, maji yakabaki meupe, basi damu yake imekwisha kupigana na ugonjwa. Kwa hiyo kwetu wekundu ulikuwa habari njema. Nilichukua mwezi mzima kuzoea kufurahia wekundu.

Chef alinipiga pembe mara tatu mwaka ule. Suruali nyeupe haikufika Krismasi.

Kipimo cha kondoo kilichukua siku nzima, kwa hiyo cha kila siku kilikuwa kile cha kutikisa. Uliweka maji ya damu kwenye tyubu, ukatia matone ya dawa iliyotengenezwa kwa moyo wa ng'ombe, ukatikisa kwa dakika zilizopangwa. Damu iliyokutana na kaswende ilifanya vijipande vidogo, kama uji uliokatika. Tulivitazama kwa lenzi ya mkononi ya Papa Bosenge, yenye mpini uliofungwa uzi, kisha tukaandika misalaba: mmoja kwa vijipande vichache, minne kwa vingi. Nilimwuliza ni nani aliyewahi kuwaza kwamba moyo wa ng'ombe unajua mambo ya kaswende. Alitafuna makasu yake taratibu, maana bila ile kokwa chungu mdomoni hakuwa mtu wa kufikiri, akasema labda ni mtu ambaye mke wake alikuwa amemnyima chakula akabaki na moyo peke yake. Sikujua kama anatania. Kwa Papa Bosenge hukujua mpaka kesho yake.

Kwa kweli alinifundisha vizuri kuliko shule yoyote. Mwezi wa nne alikuja mpakiaji mmoja wa bandarini, viganja vyote na nyayo zina madoa ya rangi ya shaba. Nikatikisa damu yake: safi kabisa, hakuna hata kijipande. Nikaandika kwamba ni mzima. Papa Bosenge alikitazama kiganja cha yule bwana, akaitazama karatasi yangu, akachukua damu ile ile akaizimua na maji ya chumvi mara mbili, mara nne, mara nane, akaendelea. Kuanzia tyubu ya tatu vijipande vikaanza kuonekana, na mbele kidogo vikajaa. Alinieleza kwamba mwili wa yule bwana ulikuwa umetuma askari wengi mno, wakabanana mlangoni, hata mmoja asiweze kumshika mwenzake. Ukiwapunguza ndipo wanashikana na unawaona. Yule mpakiaji alipigwa sindano za penisilini, akapona, na kila alipopita nje ya dirisha letu alinionyesha viganja vyake.

Hapo ndipo Papa Bosenge alipoiweka sheria yake, akanirudishia kila juma mpaka nikaiota: "Ramazani, mbele ya kusoma damu, soma mutu. Angalia mukono, angalia muguu."

Mguu ulikuwa na sababu yake. Siku zile buba, ambayo wazungu waliiita pian, ilikuwa kila mahali kwenye vijiji vya msituni na vya mtoni. Watoto waliambukizana wakicheza, ngozi kwa ngozi, bila uovu wowote. Kidonda kilikaa miezi, kikapona, kikaacha kovu, mara nyingi kwenye muundi. Sasa kidudu cha buba na kidudu cha kaswende ni ndugu, tumbo moja. Mwili ukishapigana na mmoja, damu inaweka alama, na alama hiyo inaweza kukaa miaka na miaka baada ya kidonda kusahaulika. Ukiipima damu hiyo inajibu kana kwamba ni kaswende. Hata hiki kipimo chenu cha kadi hakijui kuwatenganisha, msijidanganye.

Papa Bosenge alinieleza hivi: "Damu iko sawa na mulinzi wa soko. Siku moja mutoto wa nyumba fulani alimwibia. Toka siku ile, ndugu yeyote wa ile nyumba akipita, mulinzi anapiga filimbi. Bon. Filimbi iko ya kweli. Lakini nani alipita? Ile, filimbi haiwezi kukuambia. Ile utauliza wewe."

Nilielewa kila neno. Kuelewa kulikuwa rahisi.

Mwaka wangu wa pili akaja Alphonsine. Alikuwa binti wa Kiwenya, wa familia ya wavuvi wa kwenye maporomoko, ameposwa na Gaspard, karani wa duka moja la mjini anayekaa mtaa wa Mangobo. Makarani wakati ule walikuwa wameanza mtindo wa kuomba karatasi ya damu kabla ya ndoa, waliouiga kwa wazungu, na walimwomba bibi harusi peke yake. Kwa nini bwana harusi asiombwe, sikuuliza. Wakati ule hakuna aliyeuliza.

Papa Bosenge siku hiyo alikuwa wodini. Alphonsine aliketi mbele yangu, kitenge kimefika kwenye vifundo vya miguu, akanyoosha mkono bila kukunja uso. Nilijua sheria. Nilijua natakiwa kusema: mama, naomba nione muundi. Lakini alikuwa binti wa rika langu, tena mchumba wa mtu, na ulimi ukagoma. Nikamsikia baba yangu sikioni. Nikatazama chini, na kilichokuwa chini ni kitenge tu. Nikatoa damu, nikaitikisa, nikaona vijipande, nikaitazama tena kwa lenzi. Misalaba mitatu. Nikaiandika kwa wino mwekundu, maana ndivyo tulivyoandika, nikakunja karatasi, nikampa aende nayo mwenyewe. Nilijiona nimetenda kwa adabu sana.

Alirudi baada ya siku tatu. Hakulia. Aliiweka ile karatasi mezani, ikiwa imekunjwa na kukunjuliwa na mikono mingi, akasimama. Mama yake alikuwa nyuma yake, na ndiye aliyesimulia. Karatasi ilifunguliwa uani kwao Gaspard, Mangobo, na mjomba wake, tonton mmoja mwenye sauti aitwaye Basele, aliyemlea Gaspard tangu kijijini kwao Yahuma. Aliisoma mbele ya watu wote, akaeleza maana ya misalaba kwa asiyejua, akasema nyumba yake haitaoa kaswende. Gaspard alikuwapo. Hakusema kitu. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kwenye maporomoko kabla ya wenyewe, na wanawake waliokuwa wakichota maji na Alphonsine wakaanza kuchota mbali naye.

Hapo Alphonsine akaniuliza mimi: "Ile ugonjwa, mi niliitoa wapi? Mi sijajua mwanaume."

Papa Bosenge alitoka nyuma ya kabati, akamsalimia mama yake kwanza, kwa heshima, akawaomba waketi. Kisha akamwambia binti kwamba anaomba kuuona mguu wake, na akaeleza kwa nini. Alphonsine akavuta kitenge. Kwenye muundi wa kushoto lilikuwapo kovu la duara, jembamba kama karatasi ya sigara. Mama yake alisema ndiyo, ni buba, aliipata akiwa wa miaka mitano, yeye na kaka zake wote wawili, mwaka mmoja.

Papa Bosenge alinigeukia. Aliniuliza kama niliutazama mguu huu. Nikajibu kwamba niliona haya.

"Haya yako," akasema, polepole, bila hasira, "imevunjia mutoto wa watu ndoa."

Ingekuwa heri anipige. Nilitoka nje nikasimama karibu na Chef, na hata yeye siku hiyo hakunipiga pembe.

Papa Bosenge hakuwa mtu wa kumwacha mtu nje muda mrefu. Aliniita, akanipanga kazini. Tulichukua damu mpya tukaizimua. Mara mbili: vijipande vichache. Mara nne: kimya. Mlinzi alikuwa akipiga filimbi ndogo, ya zamani. Yule mpakiaji wa bandarini, mnakumbuka, filimbi yake ilifika tyubu ya mbali. Lakini filimbi ndogo ya siku moja haitoshi, kwa sababu ugonjwa unaoanza nao huanza kwa filimbi ndogo. Ilibidi kungoja wiki sita na kupima tena. Ikiwa ni kaswende changa, ingepanda, au ikipata dawa ingeshuka. Ikiwa ni kovu la buba, ingebaki pale pale. Daktari naye akaamuru apigwe penisilini hata hivyo, kwa tahadhari, na Alphonsine akapigwa sindano ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Sindano ile inauma, na iliniuma mimi pia, ijapokuwa haikuwa nyama yangu.

Katika wiki zile sita nilikwenda kwenye maporomoko mara nyingi. Papa Bosenge alinituma nikachukue damu ya kaka zake, ya mama, na ya bibi mzaa mama, tuone nyumba nzima inasemaje. Mara ya kwanza hakuna aliyenikaribisha kiti. Nilifanya kazi nimesimama juu ya mawe, maji yananguruma, wanaume wakining'inia kwenye magogo yao ya kutegea vikapu vya samaki wasinitazame. Bibi peke yake ndiye aliyecheka. Nilipomweleza kwamba natafuta kama na yeye damu yake ina misalaba, aliuliza kama nikiipata nitamvunjia ndoa na yeye, maana mumewe alikuwa amekufa na ingekuwa kazi ngumu. Damu yake ilikuwa na misalaba miwili. Kaka wote wawili, miwili miwili. Mama, hakuna. Mara ya tatu nilipokwenda, mama yake alinisukumia liboke, samaki aliyepikwa ndani ya majani. Niliila yote pamoja na mifupa midogo.

Wiki sita zikatimia. Alphonsine akaja, nikasema mwenyewe kabla ya kugusa sindano: naomba nione mguu. Akauonyesha. Nikatoa damu. Nilitikisa kwa kasi mno, Papa Bosenge akanishika kiwiko. Mara mbili: vijipande vichache. Mara nne: kimya. Haikupanda wala haikushuka hata hatua moja. Daktari akaandika kwamba hakuna dalili ya kaswende, ni alama ya buba ya utotoni, akatia sahihi.

Nilimpa Alphonsine karatasi, nikiona kazi imekwisha. Akairudisha mezani.

"Wewe uliandika," akasema. "Wewe utaenda kusoma. Pale pale, mbele ya wale wale."

Nilimtazama Papa Bosenge aniokoe. Alikuwa anatafuta makasu mfukoni, na aliyatafuta kwa muda mrefu sana.

Basi Jumapili tukaenda Mangobo, mimi, Alphonsine, mama yake na kaka zake. Ua ulikuwa umejaa. Tonton Basele alikuwa kwenye kiti chake, suruali ya pasi, viatu vyeusi. Nilisoma karatasi. Kisha nikasema kile ambacho hakikuandikwa: kwamba karatasi ya kwanza ilikuwa kosa langu, si la damu yake, kwamba niliona aibu kuuliza swali moja, na kwamba nawaomba radhi, yeye na mama yake. Nikaeleza habari ya mlinzi na filimbi. Watoto walielewa kwanza.

Tonton Basele alisema karatasi zinaandikwa na watu na watu wananunulika. Alisema kwao hakuna damu ya namna hiyo. Nilikuwa najua anatoka Yahuma, na najua jinsi buba ilivyokaa kule, na swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Lakini Papa Bosenge alikuwa amenionya asubuhi: mzee usimvue nguo mbele ya watoto wake, mwache avue mwenyewe. Nikanyamaza. Alphonsine alivuta kitenge chake mpaka nusu ya muundi, akaliacha kovu lionekane, akamtazama yule mzee.

Tonton Basele aliliangalia kovu. Nilidhani atatufukuza. Kisha akainama, akashika pindo la suruali yake, akaikunja, mkunjo kwa mkunjo, mpaka gotini. Makovu mawili, ya duara, membamba.

"Nilipata nikiwa mutoto," akasema. "Sote pale kijijini tulipata." Na baadaye kidogo, sauti imeshuka: "Mutoto wangu, unisamehe."

Alphonsine alimsamehe pale pale, kwa sababu mzee akikunja suruali mbele ya watu huwezi kumwacha amekunja. Gaspard ilikuwa habari nyingine. Alisimama, amevaa tai, akasema kwamba basi harusi iendelee, mwezi huu huu. Alphonsine akamwuliza siku karatasi ya kwanza iliposomwa yeye alisema nini. Gaspard hakuwa na la kusema, kwa mara ya pili.

"Mi nilingoja wiki sita," Alphonsine akamwambia. "Na wewe utangoja wiki sita."

Na kweli alingoja. Kila Jumapili karani yule alikwenda kwenye maporomoko kusaidia kutega vikapu, kazi asiyoijua hata kidogo, na kaka zake Alphonsine walimwacha aanguke majini mara mbili kabla ya kumfundisha kushika kamba. Wiki ya tano aliulizwa kama amechoka. Akasema atakuja hata ya saba. Nadhani hapo ndipo Alphonsine alipompenda upya, ingawa sikuulizwa. Harusini nilikaa meza moja na Papa Bosenge, na Tonton Basele akaniletea nyama kwa mkono wake.

Alipopata mimba ya kwanza alipimwa, kama wajawazito wote. Msalaba mmoja. Nikaandika chini yake kwa mkono wangu: Kovu la buba, muundi wa kushoto. Nimeliona mwenyewe. Nikaandika hivyo mimba ya pili, ya tatu na ya nne. Wakunga walishaizoea sentensi hiyo, wakawa wananitania nayo. Chef alikufa kwa uzee, tukaleta kondoo mwingine asiye na tabia. Papa Bosenge alistaafu, na siku alipoondoka aliniachia lenzi yake. Alipofariki nilimlilia kama nilivyomlilia baba yangu, na baba yangu nilimlilia sana. Lenzi iko kwenye droo ya kushoto, vijana. Uzi wa mpini nimeubadilisha mara mbili. Msiitupe.

Mengine ya miaka iliyofuata mnayajua, mengi mmeyafanya nyinyi. Mmewahi kunicheka kwa sababu simpimi mtu bila kumwomba anionyeshe mguu, hata siku hizi ambapo buba imekuwa nadra na vijana wa mjini hawajui hata jina lake. Sasa mmejua sababu.

Siku yangu ya mwisho kazini mlikuwa mmekwenda kuninunulia soda. Mwanamke mmoja mnene, mwenye mvi, akaingia na karatasi ya daktari wa macho, aliyetaka damu yake ipimwe kaswende kabla ya kupasuliwa. Niliinuka kumpa kiti. Hakunisalimia wala kutaja jina. Aliketi, akaweka mkoba chini, akanyoosha mkono wa kulia kama alivyonyoosha zamani zile, bila kukunja uso.

Na kabla sijafungua mdomo, Alphonsine akavuta kitenge chake, akanionyesha mguu.